Giaboksi Ilikuwa Nzima

Ncha nyeusi ya mita ilikuwa kwenye hasi ya betri. Ncha nyekundu ilikuwa juu ya kichwa cha waya uliofungwa kwa bolti ndogo, nyuma ya taa ya kushoto. Injini inaunguruma, taa kubwa zinawaka, AC iko juu, feni ya rejeta inazunguka. Mita ikasoma volti 1.9.

Kijana akainua ile ncha nyekundu, akaisogeza vidole viwili pembeni, akaikandamiza kwenye bati alilokuwa amelikwangua kwa bisibisi mpaka likang'aa.

0.04.

"Umeona, mama?"

Niliona, ila sikuelewa papo hapo. Nilielewa dakika chache baadaye, nimekaa juu ya tairi kuukuu pale uani kwake, naye anaendelea kunieleza kwa upole. Giaboksi niliyoing'oa wiki tatu kabla, nikaiacha iende kwa bei ya chuma chakavu, haikuwa na ugonjwa wowote.

Ni wiki ya saba sasa tangu jioni ile. Gari linatembea vizuri. Mimi ndiye sijatulia, na ndiyo maana naandika.

Usiku na mvua

Mchana gari lilikuwa halina neno. Naondoka Kigamboni asubuhi, navuka daraja, gia zinaingia laini hata husikii. Jioni narudi giza limeingia, hasa siku za masika, na gari linakuwa jingine kabisa.

Mahali palipoonyesha wazi zaidi ni daraja la Mfugale, pale TAZARA. Ukianza kupanda, gari, kwa kuwa ni otomatiki, lilitakiwa lishuke gia lenyewe lipate nguvu. Langu lilipanda gia. Likikaribia kuishiwa pumzi linashuka kwa kishindo, shingo inatikisika, kisha sekunde kumi hazijapita linapanda tena. Nne, tatu, nne, tatu. Watoto kiti cha nyuma walikuwa wanahesabu.

Usiku mmoja likagoma kabisa kubadilisha. Kila nikianza kuondoka linatoka na gia ya tatu, zito kama limebeba mchanga. Nilikuja kujua kwamba ile ni njia yake ya kujilinda: kompyuta ya gia ikikosa imani na umeme wake, inaachia kila kitu, na magari mengi hapo hubaki na gia ya tatu peke yake ili angalau ufike nyumbani. Nilizima, nikawasha, likarudi kawaida. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari kama vile kurudi kawaida ndiyo kupona.

Jirani yangu, mama mtu mzima, aliposikia habari hizi aliniambia gari limechezewa. "Ugonjwa gani unaosubiri giza?" aliuliza.

Sikukubaliana na jibu lake, lakini leo naona swali lake lilikuwa bora kuliko maswali yote tuliyouliza gereji. Yeye peke yake ndiye aliyetambua kwamba ugonjwa ule una saa zake. Sisi wengine tuliuliza "gari lina nini?" Hakuna aliyeuliza "lini?"

Na dalili nyingine ilikuwa mbele ya macho yangu. Taa kubwa zilikuwa hafifu. Nilibadilisha balbu mara mbili, nikalaumu balbu za siku hizi.

Mashine ilisema mambo mawili

Fundi wangu ananihudumia mwaka wa kumi na moja huu. Hajawahi kuniibia hata lita ya oili. Nalisema mapema kwa sababu najua ukisoma kisa kama hiki akili inakimbilia wapi.

Alichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu chini ya usukani, tukasubiri. Zikatoka namba mbili: P0753 na P0562.

Ya kwanza inahusu solenoidi A ya kubadilisha gia. Solenoidi ni sumaku ndogo ya umeme iliyomo ndani ya giaboksi. Inafungua na kufunga njia za oili, na oili ndiyo inayosukuma klachi zishike. Fundi akasoma, akatikisa kichwa. "Giaboksi hiyo, mama. Solenoidi zikianza hivi, huwezi kujua ndani pakoje. Dawa ni kuweka nyingine."

Ya pili inasema volteji ya mfumo iko chini. Akaipitia kwa kidole. "Hiyo ni betri tu."

Nimerudia tukio lile kichwani mara nyingi. Mashine ilisema mambo mawili kwa pumzi moja, tukasikiliza moja.

Hata hiyo moja hatukuisikiliza vizuri. Sasa nimejifunza kuzisoma hizi namba. Ipo P0751, ambayo inalalamikia utendaji: umeme ulifika lakini gia haikuja, kwa hiyo shaka iko kwenye oili au kwenye kitu kilichokwama. Zipo P0731 mpaka P0734, zinazosema mzunguko unaoingia na unaotoka haulingani na gia iliyoombwa, yaani kuna kuteleza ndani. Zingetoka hizo, ningeilaumu giaboksi bila kusita. Lakini P0753 inahusu umeme wa hiyo solenoidi. Inazungumzia njia nzima: koili yenyewe, waya, plagi, kompyuta, na hasi inayofunga mzunguko. Haikutaja kifaa kilichokufa. Ilitaja barabara palipotokea ajali, nasi tukamkamata mwenye nyumba ya kwanza.

Ili nisimdhulumu, niongeze hili. Kabla ya kuamua, fundi aliangalia hasi ya ile kompyuta. Ethi, kama wanavyoiita wenyewe. Alichukua ile taa yake ndogo ya kupimia, akashika upande mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye waya wa ethi. Taa ikawaka, nyeupe kabisa.

"Ethi ipo," akasema.

Iliwaka kweli. Nilikuwa nimesimama hapo.

Sampu safi

Hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Alifungua sampu ya giaboksi, lile bakuli la oili la chini yake, kumwaga oili kabla ya kuishusha. Niliinama nikachungulia. Oili ilikuwa nyekundu, inapitisha mwanga, kama juisi ya rosela. Akaichovya kidole, akainusa, akaninusisha na mimi. Haikuwa na harufu ya kuungua. Kwenye zile sumaku ndogo za chini ya sampu palikuwa na tope la kijivu, laini kama poda, kiasi ambacho kila giaboksi iliyotembea huwa nacho. Hapakuwa na chembe za chuma wala vipande vyeusi vya klachi.

"Oili yako nzuri," alisema mwenyewe.

Kisha akachukua spana, akaendelea kufungua.

Nami sikusema kitu. Giaboksi yenye klachi zilizoungua haitoi oili ya namna ile, na nadhani kila mmoja wetu alilijua hilo kwa kiasi chake. Yeye kwa mikono ya miaka mingi, mimi kwa pua tu. Tukaupita ushahidi kama watu wanaopishana mlangoni.

Kwa nini?

Kwa upande wangu jibu ninalo, na sio zuri. Nilikuwa nimeshakopa kwenye kikoba. Laki nane na nusu za giaboksi kutoka Kariakoo, laki mbili za ufundi, na oili juu yake. Fedha ilikuwa kwenye mkoba. Ukishakopa kwa ajili ya jambo, unataka liwe kweli. Na kuna kitu kingine kilicho ndani zaidi ya hapo: miezi miwili ya hofu, ya kupanda daraja usiku huku lori likinipigia honi nyuma, ilinifanya niamini kwamba sababu lazima iwe na ukubwa unaolingana na mateso yangu. Mtu angeniambia siku ile kwamba ni bolti, ningeona ananidharau.

Fundi aliposema "giaboksi", nilisikia unafuu. Nakumbuka vizuri. Ilikuwa habari mbaya na mabega yangu yakashuka.

Siku tisa

Giaboksi ya mtumba ikafungwa, na gari likawa kama jipya. Daraja la Mfugale nililipanda nikiimba. Nilimpigia fundi simu kumshukuru.

Siku tisa.

Siku ya kumi ikanyesha. Nilikuwa natoka uwanja wa ndege kumpokea ndugu yangu, waipa zinafanya kazi, vioo vina ukungu, AC imewashwa. Nikaanza kupanda daraja. Nne, tatu. Nne, tatu.

Ndugu yangu akaniuliza kwa nini nimenyamaza.

Kesho yake fundi alisema maneno ambayo mtu yeyote wa biashara ile angesema: mtumba ni bahati, hii nayo ni mbovu, muuzaji ana waranti ya wiki mbili, tuwahi tukabadilishe. Alikuwa tayari kufanya kazi ile bure. Angeamka alfajiri, ashushe giaboksi mara ya pili, asinidai hata shilingi.

Nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni hesabu rahisi. Giaboksi mbili, zilizotoka kwenye magari mawili yaliyoishi kila moja maisha yake, zimepata ugonjwa mmoja, unaoanza saa ileile, mahali palepale, mvua ikinyesha. Nilimwomba anipe siku mbili.

Usiku ule nilitoka peke yangu, redio nimezima, nikaendesha Barabara ya Nyerere kwenda na kurudi. Nikasikiliza. Feni ya rejeta ikiwaka husikika, mvumo fulani kutoka mbele. Nikaona kwamba feni ikiwaka, taa zinafifia kidogo, na papo hapo gia inapanda. Feni ikizima, taa zinang'aa, gia inashuka. Nikazima AC. Utulivu. Nikaiwasha. Ugonjwa ukarudi. Nilifanya hivyo mara nne, na mara ya nne mikono ilikuwa inatetemeka kwenye usukani, kwa sababu giaboksi haina habari na feni. Hazijuani kabisa. Kinachozikutanisha ni umeme tu.

Kijana mwenye mita

Fundi umeme niliyempata ni kijana, pengine hajafika thelathini. Jambo la kwanza alilonifanyia lilikuwa kuniuliza maswali kwa robo saa kabla ya kufungua boneti. Lini. Ukiwa umewasha nini. Gari limewahi kugongwa? Limewahi kupigwa rangi?

Lilikuwa limegongwa, ndio. Mwaka uliopita, Buguruni, bajaji iliniparamia upande wa kushoto mbele. Bati likanyooshwa, likapigwa rangi, likapendeza.

Aliandika "kushoto mbele" kwenye kiganja chake.

Kisha akapima. Betri injini ikiwa imezimwa, 12.5. Injini ikiwaka, 14.1. Akageuza mita kwenye volteji ya mkondo geu, akapima palepale kwenye betri, ikasoma 0.03, akaniambia oltaneta, ile inayochaji betri, ikiharibika dayodi huwa inatoa mawimbi, na mawimbi hayo huichanganya kompyuta, lakini yangu iko safi. Akachomoa plagi ya giaboksi akapima koili za solenoidi: omu 13.1, na nyingine 13.3. Nzima. Hapo nilimeza mate, maana hiyo ilikuwa giaboksi ya pili, na nilianza kuwaza ya kwanza ingesoma ngapi.

Akatoa mchoro wa nyaya kwenye simu, akatafuta pini ya hasi ya kompyuta ya gia, akachomeka sindano nyembamba nyuma ya plagi bila kuichomoa. Gari linaunguruma. Akaniambia niwashe kimoja kimoja.

Bila kitu: 0.2. Taa kubwa: 0.9. AC na feni: 1.9. Waipa: 2.3.

Hasi, ambayo kazi yake ni kuwa sifuri, ilikuwa inapanda mbele ya macho yetu kila nilipogusa swichi.

Tukaufuata waya mpaka kwenye ile bolti niliyoanza nayo. Hapo ndipo hasi za taa, feni, waipa na kompyuta ya gia zinapokutana kabla ya kuingia kwenye bodi ya gari. Aliyepiga rangi baada ya ajali alipuliza mpaka ndani, na kichwa cha waya kikafungwa juu ya rangi. Bolti ilikuwa imekaza kabisa. Kwa jicho hakuna kasoro. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, na hewa yetu ya chumvi ilikuwa imeshaanza kuzila.

Alipofungua, kile kichwa cha waya kilikuwa cheusi, na plastiki ya waya imekakamaa kama ganda la muwa lililokauka. Hapo palikuwa pana moto miezi yote ile.

Sasa lile la siku tisa. Kijana alinionyesha alama mpya za spana kwenye bolti: fundi wangu aliifungua ili asogeze nyaya wakati wa kushusha giaboksi, akaifunga tena. Kule kufungua na kufunga kulikwangua rangi na kutu kidogo. Hicho ndicho kilichonipa siku tisa, wala sio giaboksi.

Kwa nini gia zilichanganyikiwa

Nilimwomba anieleze mara tatu, na nitalieleza nilivyolishika.

Kwenye gari langu, kompyuta ya injini ndiyo inayoijulisha kompyuta ya gia mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani. Inatumia volteji, kati ya sifuri na tano. Kompyuta ya injini hasi yake iko kwenye injini, safi. Ya gia hasi yake iko kwenye ile bolti. Nikipanda daraja nimekanyaga nusu, injini inatuma, tuseme, 2.6. Kompyuta ya gia imesimama juu ya hasi iliyopanda 1.9, kwa hiyo yenyewe inaona 0.7. Kwake, mguu umegusa tu pedali. Dereva ametulia, barabara tambarare, panda gia. Feni ikizima, hasi inashuka, ukweli unarudi ghafla: kumbe mguu uko chini, kuna mlima, shusha gia upesi. Kishindo.

Ni kama mtu anayepima kina cha maji kwa upondo akiwa kwenye mtumbwi unaopanda na kushuka na mawimbi. Bahari haijabadilika. Yeye ndiye anayehama, na hajui kama anahama.

Na ile taa ya fundi iliyowaka? Hili ndilo ninalotamani kila mwenye gari alisikie. Kijana alizungushia waya mita ya kubana, ikasoma ampea 23 taa, AC na feni vikiwa vimewashwa. Gawanya 1.9 kwa 23, unapata karibu omu 0.08. Kidogo mno. Ile taa ya kupimia inavuta labda ampea 0.3, kwenye omu 0.08 inapoteza volti 0.02, kwa hiyo itawaka nyeupe na kukuapia kwamba waya ni mzima. Mita ya mlio, ile inayolia waya ukiwa haujakatika, nayo ingelia bila wasiwasi. Hazikudanganya. Ziliulizwa swali jepesi zikatoa jibu jepesi. Kamba ya kisimani huwezi kuijua kwa kuning'iniza kijiko. Ning'iniza ndoo iliyojaa. Waya hupimwa ukiwa kazini, mzigo wote uko juu yake, na unapima volti zinazopotea njiani. Kwa ethi ya kompyuta, ukiona zaidi ya volti 0.1 anza kuuliza maswali.

Ile sheria ya Ohm ni ya mwaka 1827. Niliikariri sekondari, nikaifanyia mtihani, nikapata alama zangu.

Msasa, washa yenye meno, kichwa kipya cha waya, grisi kidogo juu. Vitu vyote vikiwa vimewashwa: 0.03.

Alidai shilingi elfu thelathini. Na hapa lazima niseme ukweli: mdomo wangu ulianza kumwomba apunguze. Elfu thelathini, kwa bolti moja? Nilikuwa nimelipa zaidi ya milioni bila kupepesa jicho kwa kazi isiyohitajika, kwa sababu ile kazi ilikuwa na chuma kikubwa ninachoweza kukishika, kikitoka na kingine kikiingia.

Nilinyamaza, nikalipa.

Swali linalobaki

Wiki hizi nimekuwa nikijiuliza kosa ni la nani, na kila jibu linayeyuka nikilishika.

Giaboksi otomatiki za kwanza kuuzwa kwa wingi, zile zilizoingia kwenye Oldsmobile za 1940, hazikuwa na kompyuta. Shinikizo la oili ndilo lilikuwa akili yao. Fundi wangu alijifunza kwa mzee aliyejifunza kwenye giaboksi za ukoo ule, ambazo gia ikikosea, kosa limo ndani ya chuma. Mikono yake inajua hivyo. Sasa chuma kimebaki kilekile, ila akili imehamia kwenye kisanduku chini ya dashibodi, na kisanduku kinaitegemea bolti iliyo nyuma ya taa. Hakuna aliyempeleka darasani kumwambia hivyo.

Na hata angejua, nani angemlipa? Sisi wateja hatulipii kupima. Fundi akikaa na gari saa nne akasema "nimekagua, giaboksi yako nzima", tunamwona hajafanya kazi. Akiishusha, akajipaka oili mpaka viwikoni, tunamletea soda. Tumemfundisha hivyo wenyewe, gari kwa gari, kwa miaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sisi ufa tunaona aibu kuulipia, ukuta tunauchangia.

Nilinunua mita yangu, nikaenda kuitafuta giaboksi yangu ya zamani kwa yule muuza chuma. Niliikuta chini ya turubai, imefutwa vumbi, imeandikwa bei kwa chaki nyeupe. Niliitambua kwa mkwaruzo ulio kwenye mfuniko. Nikachomeka ncha za mita kwenye pini zake.

13.0. Na 13.2.

Najua koili nzima hazithibitishi kila kitu kilichomo ndani. Lakini oili ile niliinusa mwenyewe. Muuzaji aliuliza kama naitaka. Bei ya chaki ilikuwa mara nne ya niliyopewa. Nikamwambia hapana, ila akipata mteja asisite, ni nzuri. Akaniangalia, akaichukulia ni maneno ya kawaida.

Uani kwa fundi

Nilichelewa kwenda kumwona fundi wangu. Nilikuwa naogopa, sio hasira yake, bali huzuni yake. Jumamosi iliyopita nikaenda, na kile kichwa cha waya kilichoungua nimekifunga kwenye leso.

Alikigeuza geuza mkononi muda mrefu. Nikamweleza bolti, rangi, feni, 1.9.

"Taa iliwaka," akasema hatimaye, polepole.

"Iliwaka, fundi. Nilikuwepo."

Akanirudishia laki mbili za ufundi. Nikakataa. Akasisitiza, nikakataa tena, mwishoni tukaziweka juu ya meza yake na hakuna aliyezigusa. Sijui alizifanyia nini nilipoondoka.

Uani palikuwa na gari jingine, limeinuliwa na jeki, mwenyewe anatoka Mbagala, giaboksi inashushwa Jumatatu. Fundi aliliangalia, kisha akauangalia mkoba wangu.

"Mama, hiyo mita umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo. Tukawasha kila kitu kinachowashwa kwenye gari lile: taa, feni, AC, waipa kwenye kioo kikavu. Nikashika ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Yeye akaingia chini ya dashibodi na ncha nyekundu, akaniambia nisome kwa sauti.

"0.05," nikasema.

Akatoka taratibu. Akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa nyeusi, na harufu yake niliisikia nikiwa nimesimama hatua mbili.

Ile ilikuwa imekufa kweli. Akanipa mita yangu, akavuta sanduku la spana.